Azola Mlimani: Orodha Ndefu, Ndoo Nzito

Ukitafuta habari za azola kwa Kiswahili, iwe kwenye kipeperushi, kwenye video au kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, utakutana na orodha. Azola ni mbolea. Azola ni chakula cha kuku, ng'ombe, nguruwe na samaki. Inasafisha maji, inazuia mbu, inakandamiza magugu, inatoa gesi ya kupikia. Mwishoni kuna namba ya simu ya anayeuza mbegu.

Makala hii ni uhakiki wa hiyo orodha. Sitaihakiki hewani, nitaipandisha mlima: Tarime, kwenye vilima vya kahawa, migomba, ulezi na mahindi, na ng'ambo ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti, kwa wakulima na wafugaji wanaopakana na hifadhi. Nimechagua huko kwa sababu swali la kilimo endelevu cha milimani huko si la semina. Mvua ikinyesha, udongo unaondoka. Mfuko wa mbolea unanunuliwa kwa hesabu kali. Kwa hiyo mtu akija na habari kwamba kuna mmea mdogo wa majini unaotengeneza mbolea bure, watu watasikiliza, na wana haki ya kupewa hesabu iliyokamilika.

Tuanze na mmea wenyewe, maana unastahili heshima yake. Azola ni kangaga la majini, dogo kiasi kwamba mche mmoja unakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Linaelea, mizizi inaning'inia majini bila kugusa udongo. Ndani ya kila jani kuna kishimo, na ndani ya kishimo wanaishi vijidudu aina ya sianobakteria, Nostoc azollae (vitabu vya zamani vinawaita Anabaena azollae). Hawa wanakamata naitrojeni ya hewani, ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta lakini mahindi hayawezi kuila, na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Maharage nayo yana wenzao wa namna hiyo kwenye vinundu vya mizizi, lakini maharage kila msimu lazima yakutane na bakteria wao udongoni. Azola haikutani na mtu. Inamrithisha mwenzake kwa kizazi kinachofuata, na huyo mwenzake amekaa ndani muda mrefu hadi amepoteza jeni nyingi za kujitegemea; nje ya jani hawezi tena kuishi peke yake. Ni ndoa isiyo na talaka, na kwangu mimi ni moja ya hadithi tamu kuliko zote katika botania.

Wakulima wa Vietnam na China waliligundua jambo hili kwa macho karne nyingi kabla ya hadubini. Walifuga azola kwenye majaruba ya mpunga, ikafunika maji, kisha wakaichimbia kwenye tope. Tukumbuke hilo neno, majaruba, maana hoja yangu yote imekaa humo.

Sasa, orodha ilitoka wapi? Haina mwandishi mmoja, lakini kuna andiko moja la karibu nasi linaloionyesha ikiwa imepangwa vizuri. Mwaka 1997 Gregory Wagner, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha katika jarida la The Botanical Review mapitio ya biolojia na matumizi ya azola. Ni andiko zuri. Mpaka leo ukisoma utafiti wa azola kutoka popote duniani, una nafasi kubwa ya kukuta limetajwa. Ikisiri yake inasema wazi kwamba jaruba la mpunga ni mazingira mwafaka kwa azola, na hivyo mpunga ni moja ya mahali inapofaa zaidi. Halafu yanafuata mengine: mazao mengine, chakula cha mifugo, chakula cha binadamu, dawa, kusafisha maji, haidrojeni, gesi, magugu, mbu.

Nina malalamiko mawili. La kwanza si la mwandishi, ni letu sisi tunaosambaza. Orodha imesafiri, mpunga umeachwa njiani. Kipeperushi kinachukua "mbolea kwa mazao mbalimbali" na kukipeleka kwenye shamba la mahindi lililoinama kama paa la nyumba. La pili ni la aina hii ya uandishi kwa jumla: mapitio yakipanga matumizi kumi mstari mmoja, msomaji anaona vitu kumi vyenye uzito sawa, wakati kimoja kimejaribiwa na vizazi vya wakulima na kingine kimejaribiwa kwenye beseni. Ikisiri hiyohiyo inasema azola inaweza kuongeza mavuno huku ikipunguza gharama kwa wakulima wasiomudu mbolea za viwandani. Kwenye jaruba, nakubali. Jaruba lililofunikwa vizuri hubeba kilo 30 hivi za naitrojeni kwa hekta, na hakuna anayeibeba kwenda popote. Imeota palepale ilipo njaa. Maji yapo tayari kwa ajili ya mpunga, kazi ni kuichanganya na tope.

Mlimani ni habari nyingine. Chukua kalamu.

Azola mbichi ni maji kwa asilimia 94 hivi. Kilo 100 ulizovuna asubuhi zina kilo 6 za kitu kikavu. Katika hicho kikavu, naitrojeni ni kama asilimia 4. Yaani kilo 100 za azola zimekupa gramu 240 za naitrojeni. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, ambayo ni kilo 23. Ili kufidia mfuko huo mmoja unahitaji karibu kilo 9,600 za azola mbichi. Kwa ndoo ya kilo 20, ni safari 480 kupanda mlima. Na tusijifanye hatujui ni nani anayebeba ndoo.

Utaniambia: kwa nini asiikaushe kwanza? Swali la haki. Ikikauka, zile tani tisa na ushei zinabaki kilo 576, mzigo ambao punda wawili watatu wanaumaliza kwa siku chache. Lakini sasa kizuizi kinahama kutoka mgongoni kwenda bwawani. Bwawa la nyumbani la mita 10 za mraba, lililochimbwa na kutandikwa turubai, likitunzwa vizuri, tulipe makadirio ya wastani ya gramu 200 kwa siku kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni kilo 2 kwa siku, kilo 730 kwa mwaka, kilo 44 zikikaushwa. Ndani yake naitrojeni haifiki hata kilo 2. Mwaka mzima wa kuvuna kila asubuhi umekupa sawa na urea isiyofika kilo 4. Ukitaka mfuko mzima, chimba mabwawa 13. Hizo ni mita 130 za mraba za maji yaliyolala tambarare, kwenye mteremko! Na jua likinyonya milimita 5 tu kwa siku, unarudishia lita 650, madumu 32 ya lita 20, kila siku, pamoja na miezi ya kiangazi kati ya Juni na Septemba ambapo chemchemi nyingine zinabaki kulia machozi.

Vipeperushi havina hesabu hii kwa sababu vina sentensi moja inayoifunika: azola hujizidisha mara mbili kila baada ya siku chache. Ni kweli, ikiwa na nafasi, joto zuri na chakula cha kutosha. Lakini ichukulie sentensi hiyo kwa uzito wake uone. Kilo moja ikijizidisha mara mbili kila siku 3, baada ya siku 60 una zaidi ya tani 1,000. Bwawa gani hilo? Ukweli ni kwamba ikishajaa, majani yanabanana na kasi inakufa. Kuanzia hapo unachovuna ni kile tu ambacho mita zako za mraba zinaweza kuotesha kwa jua la siku hiyo. Kujizidisha ni habari ya wiki ya kwanza, na mkulima anaishi na bwawa wiki 52.

Kuna jambo la pili ambalo orodha hailisemi kwa sauti, nalo ni fosforasi. Naitrojeni iko hewani, azola inaichuma. Fosforasi haiko hewani. Lazima iwekwe bwawani, kwa samadi, kwa majivu kidogo, au kwa mbolea ya dukani, na ikipungua azola inakuwa nyekundu na kudumaa (jua kali na baridi navyo huipa rangi hiyo, kwa hiyo wekundu peke yake si kipimo). Tanzania tuna fosfati yetu ya Minjingu, Manyara, lakini ule ni mwamba unaoyeyuka vizuri kwenye udongo wenye uchachu. Ukiutupa tu kwenye maji utatulia chini ukikutazama. Kwa hiyo "mbolea ya bure" inaanza kwa kudai mbolea. Samadi unayoitia bwawani ungeweza kuitia shambani moja kwa moja, na kwa kaya ya Kikurya au ya Kingoreme yenye ng'ombe hata watatu, kinyesi cha mwaka kina naitrojeni mara kadhaa ya hilo bwawa letu la mita 10. Sisemi samadi haina shida zake. Nasema ndiyo mshindani wa kwanza wa azola pale nyumbani, na sijaona kipeperushi kinachowashindanisha.

Basi azola haifai kitu? Hapana, inafaa, ila kwa kiwango ambacho hakiuzi vichwa vya habari. Hali ya hewa ya Tarime inaipenda. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na azola hustawi kati ya nyuzi 20 na 30 za joto. Weka bwawa dogo karibu na jiko, kwenye kivuli cha migomba, lijazwe na maji ya bati. Kilo 2 za kila siku zina gramu 120 kavu, na robo ya hizo, gramu 30, ni protini. Kuku wa mayai anahitaji protini kama gramu 16 hadi 18 kwa siku, kwa hiyo bwawa halilishi hata kuku wawili kwa ukamilifu. Lakini kuku wa kienyeji wanaozurura hawaombi ukamilifu, wanaomba nyongeza, na rangi ya majani inaingia kwenye kiini cha yai. Kipimo ninachokipenda ni hiki: gramu 30 za protini ni kama gramu 50 za dagaa wakavu. Kwa mwezi, bwawa lako linalingana na kilo moja na nusu ya dagaa. Anayejua bei ya dagaa Musoma amalizie hesabu mwenyewe: turubai, muda wa asubuhi, madumu ya maji, halafu aamue. Wengine wataona inalipa. Wengine wataenda kununua dagaa, na hawatakuwa wajinga.

Kuna faida moja ya pembeni ambayo naona imedharauliwa. Maji ya bwawa unapoyabadilisha yana rutuba, na bustani ya mboga ipo hatua tano kutoka hapo. Hapo azola inarudi kufanana na jaruba: inatumika ilipoota.

Sasa twende kwenye sehemu ya orodha inayonitia wasiwasi kweli. Inasema azola inasafisha maji. Inasema pia azola ni chakula cha mifugo. Zote mbili ni kweli, na ndiyo maana ni hatari kuziweka jirani. Azola inasafisha maji kwa kunyonya vilivyomo, zikiwemo metali nzito kama risasi, kadimiamu na arseniki, na kuviweka mwilini mwake. Haviyeyuki, vimehamia kwenye jani. Jani likiliwa na kuku, safari inaendelea.

Tarime hili si jambo la kinadharia. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Watafiti kutoka Norway na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima maji, udongo na matope kuzunguka mgodi huo waliripoti arseniki ya kuogopesha. Tukiacha mgodi mkubwa, kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambao kwa miaka mingi umetumia zebaki. Simaanishi kila kisima cha Tarime kina sumu. Namaanisha kwamba kwenye wilaya yenye historia hii, swali la kwanza kwa mtu anayetaka kulisha kuku azola ni "maji yako yanatoka wapi?", kabla ya "una turubai la ukubwa gani?". Maji ya mvua ya kwenye bati, sawa. Maji ya mto ulio chini ya mgodi, yapimwe maabara kwanza, na azola yenyewe ipimwe pia, maana inaweza kuwa na metali nyingi kuliko maji ilimoota.

Kuhusu mbu nitapita haraka. Watafiti wetu walichunguza majaruba ya Mbarali, Mbeya, yenye azola, wakachapisha mwaka 2009: viluwiluwi vilipungua pale azola ilipofunika sehemu kubwa sana ya maji. Bwawa linalovunwa kila asubuhi lina uwazi kila asubuhi. Kama eneo lako lina malaria, na Mara inayo, usichimbe bwawa ukidhani umechimba chandarua.

Halafu kuna suala la kutoroka. Mlimani kila kitu kinashuka. Masika ya nguvu yakifurika bwawa, azola itafika kijitoni bila nauli, kisha Tigithe au kijito kingine, kisha Mara, kisha kwenye kinamasi kikubwa kabla ya Ziwa Victoria. Hapa swali ni azola ipi. Tunazo zetu: Azolla nilotica ni ya Afrika Mashariki na bonde la Nile, na Azolla pinnata nayo ina aina ya Kiafrika. Lakini Azolla filiculoides ni ya Amerika, inavumilia baridi, na ina rekodi. Ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 1948, ikaziba mito na mabwawa ya mifugo kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 1997 walipoachilia mdudu mdogo anayeila, fukusi aitwaye Stenopelmus rufinasus, akaidhibiti kwa mafanikio makubwa. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kusimuliwa mmea wa Amerika unaoelea unaweza kufanya nini, tuna gugumaji. Na Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki wakafa, kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi cha mifugo. Maelezo hayo hayakumridhisha kila mtu, lakini kanuni yenyewe haina ubishi: mimea mingi ikioza majini, oksijeni inaliwa, samaki wanakosa pumzi. Anayeuza mbegu ya azola bila kujua jina la pili la mmea wake angekuwa bora auze vitu vingine.

Kama mradi wowote unataka kuijaribu azola Tarime au Serengeti kwa uaminifu, nisingependa kuiona ikilinganishwa na shamba lisilowekwa chochote. Ushindi wa namna hiyo ni rahisi mno. Ilinganishwe na samadi ya zizini, na ilinganishwe na alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayoota kwenye mipaka ya mashamba na kando ya barabara pande zote mbili za mpaka wa Sirari. Magharibi mwa Kenya watafiti waliipima miaka ya 1990: majani yake makavu yana naitrojeni ya asilimia 3.5 hivi, si mbali na azola, yana fosforasi na potasiamu nyingi, na mmea hauhitaji bwawa. Haichumi naitrojeni hewani, inaitoa udongoni pale ilipoota, hilo tulihesabu dhidi yake. Na hata yenyewe, pamoja na kuwa ipo palepale kwenye kingo za shamba, ilionekana kulipa zaidi kwenye mboga kama sukuma wiki kuliko kwenye mahindi, kwa sababu kukata na kubeba ni kazi. Ikiwa mmea unaoota kwenye ukingo wa shamba ulishindwa na uzito, ule ulio na maji asilimia 94 uje na maelezo.

Tena alizeti mwitu, kama majani ya tembo yaliyopandwa juu ya makingamaji, ina mizizi ardhini. Udongo ukishuka na mvua unaondoka na naitrojeni yake, na azola, iwe nzuri vipi, inaelea.

Katika jaribio hilo ningeomba daftari moja la ziada, mbali na la mavuno: litunzwe na yule anayevuna na kuteka maji, aandike kila siku ni madumu mangapi na dakika ngapi, kuanzia vuli moja hadi nyingine, bila kuruka Agosti.